Nyumba ya Bi Giok-khim na Tiketi ya Pili

Mheshimiwa Bwana Chien, Mkuu wa Idara ya Utamaduni ya wilaya yetu. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Mfuko wa Wasanii Wanaoonyesha Kazi Ng'ambo. Mwenyekiti wa Kamati ya Hekalu, mwenyeji wetu, uliyetupatia ukumbi huu pamoja na feni zake. Wazee wangu wa Chama cha Mafundi wa Nyumba za Karatasi. Wageni waalikwa, majirani, na watoto mliojipanga karibu na jiko. Na wewe, Bi Tsai Shu-yun, ofisa wa Mfuko unayestaafu leo, ambaye kwa ajili yako meza zimetandikwa vitambaa vyekundu mchana huu: nawaamkia nyote, kila mmoja kwa daraja lake, na ambaye sikumtaja aelewe kwamba nimemweka moyoni kwa kukosa nafasi mdomoni.

Mimi ni Lau Hok-sing, katibu wa chama. Shule niliiacha mapema, na lugha ya barua za serikali nilijifundisha mwenyewe, kwa kuwaandikia maombi majirani ambao mtaro wao umeziba au hati ya kiwanja chao imepotea. Kwa hiyo mkinisikia nasema "kwa mintarafu ya" mahali ambapo mtu mwingine angetosheka na "kuhusu", msidhani najikweza. Ndivyo milango ya ofisi ilivyonifundisha kubisha hodi. Mpishi naye amekwisha kunionya kwamba supu ya samaki haimngoji katibu. Nimemjibu kwamba shukrani iliyochelewa miaka haiwezi kuharakishwa na samaki.

Mabibi na mabwana, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo ni kweli tupu, wala sithubutu kulipinga. Lakini anayekwenda kucheza ugenini, ambako hapana shangazi wa kumtuza wala mjomba wa kumpigia makofi, yeye atatunzwa na nani? Swali hilo Bi Tsai amekuwa akilijibu kwa muda wote wa utumishi wake, akiwa ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, kwa magoti mawili ambayo hospitali ilikwisha kuyakatia tamaa. Wengine hapa mmepanda ngazi zile mara moja kupeleka ombi, mkakaa wiki nzima mnalalamika. Yeye alizipanda kila siku, kisha akatuuliza sisi kama tumechoka.

Kazi yetu mnaifahamu. Tunapasua mwanzi, tunafunga fito, tunabandika karatasi kwa gundi ya unga, tunajenga ghorofa na bustani na gari mlangoni, tunasimamisha watumishi wenye majina yao kifuani, kisha tunaandika jina la marehemu juu ya mlango na kuichoma, ili mwenyewe aipokee huko aliko. Mchoraji huonyesha picha yake hata akiwa mzee. Sisi, kazi yetu nzuri kuliko zote, hakuna aliyeiona mara mbili.

Sasa fundi wa namna hii anapoalikwa ng'ambo, anahitaji nini? Zamani Mfuko ulidhani anahitaji sanduku. Sanduku likalipiwa nauli, likabandikwa mihuri, likapanda ndege. Fundi akabaki nyumbani akiliombea dua. Mwenzetu mmoja alipeleka farasi wa karatasi kwa utaratibu huo. Waliompokea walimsimamisha akiutazama ukuta, na muda wote wa maonyesho wageni wakasifu makalio yake. Nasema haya bila kumlaumu mtu. Farasi hakuweza kugeuka mwenyewe, na hakuwapo wa kumgeuza.

Naomba sasa mniruhusu niwasimulie habari ya nyumba moja. Mwenye nyumba hiyo mnamjua: marehemu Bi Sia Giok-khim, aliyekuwa akikaanga mayai yaliyochanganywa na chaza pale sokoni, kwenye kona ya wauza viatu. Aliyeijenga ni mumewe, Mzee Khoo Tsui-bok, ambaye amekaa meza ile ya tatu na anajifanya hasikii.

Mganga hajigangi. Bi Giok-khim alipofariki, Mzee Khoo alikuwa na nyumba za wafu wa watu wengine zikimngoja, na kila aliposhika fito kwa ajili ya mkewe, mteja mpya aliingia akilia. Mazishi yakapita bila nyumba. Mzee akaahidi mbele ya madhabahu ya nyumbani kwamba siku ya kutimiza mwaka ataichoma, nzima na kamili, na akaikataza mikono yetu yote isiguse. Ilikuwa bado haijaezekwa ulipokuja mwaliko wa jumba moja la maonyesho katika mji wa bandari huko Uholanzi. Walitaka nyumba ya karatasi kutoka kwetu, iwe kubwa, isimame katikati ya chumba.

Tulikutana chamani. Bun-hiong, mpwa wake Mzee Khoo, ambaye anajua Kiingereza kwa kuwa anafanya kazi hotelini, alitusomea mwaliko.

"Mjomba, wanataka ya kutazama tu," akasema. "Haina haja ya kuwa na mwenyewe."

"Nyumba isiyo na mwenyewe umeiona wapi wewe?" Mzee Khoo akamuuliza. "Ukiiacha wazi huko ugenini, siku ya kwanza tu imeshaingiwa na wapangaji usiowajua. Na kodi hawalipi."

"Sasa mizimu ya Kizungu itakaaje humo? Hata viatu haivui mlangoni."

"Cheka tu. Utakapopewa wewe kulala mle kuilinda, hutacheka."

Wazee wote walikubaliana naye. Nyumba tupu haitengenezwi. Tukawa tayari kuandika barua ya kukataa kwa heshima, na kalamu nilikuwa nimeishika mimi, Mzee Khoo aliposema neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Atakwenda Giok-khim. Maisha yake yote alizijua ndege kwa matumbo tu, zikipita juu ya kikaango chake. Nyumba itakwenda na jina lake mlangoni, itatazamwa, itarudi, na siku ya mwaka nitaichoma. Lakini sikilizeni. Isiporudi, au ikirudi haifai, mke wangu atakuwa mtu wa kukaa barazani kwa watu. Hilo ndilo mnalolibeba."

Ndilo tulilolibeba, ndugu zangu. Wengine walibeba sanaa ya wilaya, wengine jina la Taiwan. Yeye alikuwa amebeba mahali pa kulala pa mkewe.

Bi Tsai alikuja nyumbani kwa Mzee kupima nyumba kwa ajili ya sanduku. Nami nilikuwapo. Alikuta tumesimama mbele ya madhabahu, kwani haikuwa adabu kumsafirisha marehemu bila kumwomba ridhaa. Mzee alikuwa ameshika vile vibao viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi ndiyo kusema marehemu amekubali.

"Giok-khim, utakwenda Uholanzi?" Akavitupa. Hapana.

"Unaogopa baridi? Nitakuwekea hita sebuleni." Hapana.

"Chakula? Nakuwekea jiko lako lilelile." Hapana.

Bun-hiong akasema kwa sauti ya chini, "Labda hataki kusafiri na mimi. Alikuwa akisema naendesha pikipiki kama mwizi."

"Ni huyu Bun-hiong humtaki?" Vibao vyote viwili vikalala chali. Kwetu hicho ni kicheko. Marehemu alikuwa anatucheka.

Bi Tsai alikuwa ameketi kwenye kigoda cha plastiki, anayasugua magoti. "Mzee, niwie radhi," akasema. "Kuna swali hujamuuliza. Hujamuuliza kama anataka uende naye."

"Mimi? Mimi nitapandaje ndege na umri huu? Na duka nani atafungua?"

"Sasa unanijibu mimi au unamjibu yeye? Uliza."

Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kibao kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarudia ili kuhakikisha, ikawa vilevile. Mzee akakaa chini palepale sakafuni.

"Mwanamke huyu," akasema. "Miaka yote ile hakuwahi kuniambia anataka kutoka na mimi."

"Alikuwa anangoja umuulize," Bi Tsai akamwambia.

Waheshimiwa, shida ikawa hapo. Mfuko ulikuwa na tiketi moja, na tiketi ile ilikwisha kupewa Bun-hiong, kwa kuwa bila lugha yake sanduku lingefika bubu. Bi Tsai akapanda ngazi zake akaenda mbele ya Bodi kuomba tiketi ya pili, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Aliyoyasema huko nimeyapata kwa wajumbe wenyewe, nanyi wajumbe mnisahihishe nikikosea. Alisema: "Kanuni inatuagiza tumlipie mtu ambaye bila yeye kazi haiwezi kuonyeshwa. Bila Bun-hiong kazi haitaeleweka. Bila Mzee Khoo kazi haiondoki. Nimeshuhudia ikikataa kuondoka."

Naambiwa palitokea kicheko. Naambiwa pia kwamba mmoja hakucheka, naye ni Bwana Yeh, uliyekaa pale karibu na nguzo, uliyekuwa umemzika mama yako muda si mrefu. Uliuliza, "Ilikataa kweli?" Bi Tsai akajibu, "Kila ilipoulizwa, isipokuwa ilipoulizwa kuhusu mumewe." Ukasema, "Basi mpeni tiketi." Bwana Yeh, sisi watu wa karatasi tuna kumbukumbu ndefu. Inuka kidogo wakuone. Ahsante.

Wakasafiri. Mzee Khoo hakulala njia nzima, na kila chakula kilipoletwa alitenga kidogo pembeni kwa ajili ya mkewe, hata mhudumu wa ndege akadhani hakipendi akamletea kingine. Sanduku lilikuwa limewatangulia. Walipoingia katika jumba la maonyesho, wakakuta limefunguliwa, nyumba ya Bi Giok-khim imesimama vizuri katikati ya chumba, imeelekea mlango kama inavyotakiwa, na mbele yake mwanamume mwenye bomba mgongoni, namna ile tunayopulizia dawa mashamba ya mapera.

Mzee Khoo akakimbia, akasimama baina ya bomba na mlango wa nyumba, mikono ameitanua.

"Mjomba, ondoka hapo, wataita polisi."

"Waite. Waje wengi. Huyu anampulizia nini mke wangu?"

Akaitwa msimamizi wa usalama, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, jina lake Hendrika. Akaeleza, na Bun-hiong akafasiri: "Mjomba, anasema ni dawa tu, haina rangi wala harufu. Sheria yao, karatasi nyingi hivi ndani ya chumba cha watu lazima ipuliziwe. Ikishapuliziwa, hata uweke kiberiti haishiki."

Nawaomba, ndugu wasikilizaji, mtue kidogo hapo mfikirie. Yule mama hakuwa na kosa lolote. Alikuwa analinda watoto wa shule watakaoingia humo, na mimi ningekuwa yeye ningepulizia pia. Wala hakuna Mholanzi aliyeweza kujua, na hakuna katika sisi aliyekumbuka kumwambia, kwa maana nani kwetu angewaza kwamba kuna mahali duniani ambapo nyumba ya karatasi inakingwa na moto? Sisi tulijaza kila kilichoulizwa: urefu, upana, uzito. Hakuna aliyeuliza kama itachomwa, nasi hatukusema, kama vile mtu asivyosema kwamba wali utaliwa.

"Mwambie hivi," Mzee Khoo akasema. "Kwao moto ndio mwisho wa nyumba. Kwetu moto ndio mlango wake. Akiufunga, mwenyewe ataingilia wapi?"

Bun-hiong aliyafasiri kwa kadiri alivyoweza. Bi Hendrika akamwashiria yule mwenye bomba alishushe. Akauliza, "Kwani ina mwenyewe?" Mzee akamwonyesha jina juu ya mlango. Akauliza ni nani. Mzee akatoa picha mfukoni: Bi Giok-khim na kikaango chake, amekasirika kwa sababu hakutaka kupigwa picha. Yule mama aliitazama kwa muda. Kisha akasema kwamba sheria yake inahusu karatasi iliyo wazi, na ikiwa nyumba itawekwa ndani ya kioo pande zote, yeye hana neno nayo. Lakini kioo cha ukubwa ule ni cha kukodi, wao hawakukipangia bajeti, na maonyesho yanafunguliwa keshokutwa.

Dawa ilikuwa imekwisha kumpata mmoja tu. Yule fundi wao alianza kwa majaribio, na aliyempulizia ni mtumishi wa kike aliyesimama nje ya geti, jina lake kifuani ni A-lian. Mzee alimgusa akasikia karatasi imekakamaa. Akamfuta kwa leso, haikusaidia. Mkumbukeni A-lian.

Simu ikapigwa kwa Bi Tsai. Huko ilikuwa asubuhi, hapa alasiri, naye alikuwa kliniki amelazwa, magoti yamefungwa nyaya za umeme za kutuliza maumivu. Nesi akamwambia, "Mama, huku huruhusiwi kuongea na simu." Akajibu, "Binti yangu, magoti hayasikii Kiholanzi. Niache." Akamsikiliza Bun-hiong mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Tafrija ya ufunguzi mmelipia?" Bado. "Vinywaji?" Vimeagizwa, havijalipiwa. Akasema, "Msilipe. Subirini."

Mheshimiwa Bwana Chien, hapa ndipo unapoingia wewe, na naomba usiangalie saa yako. Ulikuwa umefika Uholanzi kufungua maonyesho hayo kwa niaba ya wilaya. Hotuba ulikuwa nayo, na sentensi yake ya mwisho ilihitaji glasi ya mvinyo iinuliwe. Bi Tsai alikupigia simu hotelini. Ninachojua ni kwamba fungu la tafrija lilikuwa chini ya sahihi yako, na kwamba fungu hilo lilihamishwa lote kwenda kwenye kioo. Siku ya ufunguzi wageni waliovaa suti walipewa maji ya bomba na karanga ambazo Bun-hiong alizinunua dukani, nawe uliinua glasi ya maji mbele ya balozi na mameya, ukaisema sentensi yako mpaka mwisho, hukukohoa. Mtu mwenye cheo kukubali kuonekana bahili mbele ya wageni ili mwanamke aliyekuwa akikaanga chaza asilale barazani, si jambo dogo. Tumelihifadhi, nalo ndilo linalonipa ujasiri wa kusema nitakayosema kabla sijakaa.

Nyumba ilitazamwa. Bi Hendrika alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya wageni, na Bun-hiong anasema alimwona akisalimia mlango. Kisha ikafungwa, ikarudi, ikafika salama, na mwaka ukatimia.

Hapo likabaki jambo la mwisho, na wanaojua kanuni wanalijua. Kazi iliyogharimiwa kwa fedha za umma haiwezi kuharibiwa na aliyegharimiwa. Lazima mkaguzi aione ikiwa inatunzwa. Bwana Fang wa ukaguzi alimwambia Bi Tsai, kwa haki kabisa, "Mama, huyu mzee akiichoma, mimi nitaandika nini?"

"Bwana Fang," Bi Tsai akamwambia, "pale hakiharibiwi kitu. Kinakabidhiwa. Njoo ushuhudie makabidhiano."

Akaja. Alisimama uwanjani nyuma ya nyumba ya Mzee Khoo, kiatu kimeng'arishwa, kamera mkononi, akaizunguka nyumba, akapiga picha kila upande. Mzee akaita jina la mkewe, akamwambia aje apokee nyumba yake, jiko liko kulia kama alivyozoea, hita iko sebuleni, na kwamba safari walikwenda pamoja hivyo asije akasema hakuwahi kutolewa. Kisha akawasha.

Iliwaka vizuri, ndugu zangu. Mafundi mnajua nyumba inayowaka kwa furaha. Paa likaenda, ghorofa likaenda, gari likaenda na dereva wake. Na moto ulipokwisha, pembeni mwa majivu alikuwa amelala A-lian, amekuwa mweusi kingo za gauni lake, lakini mzima, na uso wake umetazama juu.

 Mmoja wetu alimchukua kwa kijiti akamrudisha kwenye makaa. Hakushika. Akamwagiwa mafuta. Mafuta yakawaka, yeye akabaki. Mzee Khoo alikuwa amegeuka rangi.

"Giok-khim amefika bila msaidizi," akasema. "Nyumba kubwa ile, na miguu yake ile iliyoharibika kwa kusimama kikaangoni, peke yake."

Akavitoa vile vibao. "Giok-khim, nyumba umeipata?" Ndiyo. Tukashusha pumzi. "Umekasirika kuhusu A-lian?" Hapana. "Nikutengenezee mwingine?" Hapana. "Sasa unataka nini?" Lakini vibao haviwezi kujibu swali la namna hiyo, navyo vikacheka tu. Mzee akageuka akamtafuta mtu kwa macho, na aliyemtafuta hakuwa yeyote kati ya sisi wazee wa chama.

"Bi Tsai," akasema. "Wewe ungemuuliza nini?"

Naye, kwenye kigoda kilekile cha plastiki, akasema, "Muulize kama huyu amemwacha akuangalie wewe."

Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Waheshimiwa, sikuwahi kumwona Mzee Khoo akilia wakati wa mazishi, alikuwa na kazi za watu. Siku ile alilia, na katikati ya kulia akasema, "Hata kufa hakujamfundisha kuniamini," nasi tukacheka wote, yeye akiwa wa kwanza.

Bwana Fang akakohoa kidogo. "Na huyu?" akauliza, akimwonyesha A-lian.

"Huyu ndiye aliyerudi," Bi Tsai akamwambia. "Kazi imekabidhiwa kwa mwenyewe. Sehemu iliyobaki inatunzwa na mumewe. Unaiona kwa macho yako."

Bwana Fang akapiga picha. Kisha akaiweka kamera mfukoni, akainama mbele ya madhabahu, akaenda zake. Hajaturudishia swali hata moja mpaka leo. A-lian anasimama jikoni kwa Mzee, juu ya rafu ya chumvi. Mzee analalamika kwamba hapiki, lakini majirani tunaona kwamba siku hizi anakula kwa wakati na dawa zake hazisahau. Anasema anatazamwa.

Nimeyasimulia haya ili niseme nini? Sifa nyingi zinaweza kusemwa juu ya Bi Tsai, na wengine watazisema vizuri kuliko mimi. Yangu ni hii moja. Ofisi nyingi hutusaidia kwa kutujibu. Yeye alitusaidia kwa kutuuliza, na aliuliza lile swali ambalo mwenye shida mwenyewe hakujua kwamba ndilo shida yake. Ilikuwa hivyo kwa mzee hai, ikawa hivyo kwa mkewe aliyekufa, na wote wawili walimjibu ndiyo.

Kwa mintarafu hiyo, Mheshimiwa Bwana Chien na Wajumbe wa Bodi, naomba kuwasilisha neno la chama kwa unyenyekevu. Tumesikia kwamba mapendekezo mapya yaliyo mezani kwenu yanataka tiketi ya pili istaafu pamoja na Bi Tsai, na kwamba mahali pake fundi ataelekeza kwa simu ya video. Sisi hatuichukii simu ya video. Wajukuu zetu wamo ndani yake. Lakini je, simu ingeweza kusimama mlangoni na kutanua mikono? Kama Mzee Khoo angebaki hapa, angepigiwa simu baada ya kazi kwisha, angeonyeshwa nyumba nzuri iliyosimama wima, angeshukuru, na hakuna ambaye angejua neno mpaka siku ile uwanjani, kiberiti kikiwa mkononi. Hivyo basi tunaomba, kwa heshima zote, mtumishi apumzike na tiketi ibaki. Mkihitaji fungu la kupunguza, mnajua kwamba tafrija inaweza kufana kwa maji na karanga.

Bi Tsai, nimefika kwako. Desturi ni kumpa anayestaafu kazi ya mikono yetu, na hapo ndipo tulipokwama. Mafundi wote walikaa, wakatazamana. Kumpa mtu aliye hai kitu cha karatasi kutoka kwetu ni kumtakia nini? Kwa hiyo heshima kubwa kuliko zote tunazoweza kukufanyia ni kutokupa chochote tunachojua kukitengeneza. Tumekuletea kiti. Ni mwanzi uleule, umepasuliwa na mikono ileile, lakini hakina karatasi hata kipande, Mzee Khoo amekikagua mara nyingi kwa ajili hiyo. Ni kirefu kwenda juu, ili magoti yako yasipate taabu ya kuinuka. Kigoda kile cha plastiki tumekubaliana kitabaki kwa Mzee, kwa kuwa ana wageni wengine.

Na kuna jambo ambalo wewe mwenyewe ulilisema siku ile, ulipokuwa unainuka kutoka uwanjani, ukashika bega langu. Ulisema, "Katibu, siku yangu ikifika, mimi msinijengee ghorofa. Kitu cha chini, kisicho na ngazi." Ulisema kwa utani. Sisi katika kazi yetu hatuna agizo la utani. Limeandikwa. Mwanzi wake bado uko mlimani, bado mchanga, na tumewakataza watu wasiukate. Kati ya kazi zote zinazotungoja, hiyo ndiyo tunayoomba ichelewe kuliko zote, tena ichelewe sana, hata mimi na Mzee Khoo tuwe tumekwisha kutangulia, na iwe kazi ya wanafunzi wa wanafunzi wetu. Wameshaambiwa: sakafu moja, mlango mpana, na asiwepo mtu wa kuipulizia dawa.

Supu imeiva. Masikio mliyoniazima nawarudishia yakiwa salama, pamoja na shukrani zangu zote.